Ubao Niliomchagulia Idrisa

Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana nisiyemfahamu, aliyeshika kipaza sauti kama mshereheshaji wa harusi. Nilikuwa nimekaa mkekani upande wa wanawake, mtandio kichwani, kikombe cha chai ya rangi mkononi, nimechoka na safari ya kutoka Mwanza. Kijana alisema Idrisa alizaliwa hapahapa Tabora, akarithi studio ya picha ya baba yake, akaikuza mpaka ikawa na matawi Nzega na Urambo. Kisha akapandisha sauti. "Na ni yeye, ndugu zangu, aliyeunda kwa mikono yake kompyuta ya kwanza ya kuhariri video katika mji huu. Alichagua kila kifaa mwenyewe, akakiunganisha mwenyewe, wakati sisi wengine hata kuiwasha kompyuta tulikuwa hatujui." Mama aliyekaa kando yangu akatikisa kichwa. "Alikuwa na akili huyu, Mungu amrehemu," akaniambia. Nikaitikia amina. Chai ilikuwa imepoa. Niliinywa yote kwa mkupuo mmoja ili mdomo wangu upate kazi.

Baadaye waliniingiza ndani kumpa pole mjane. Rukia alikuwa amekaa kwenye godoro lililowekwa sakafuni, macho yamevimba, mgongo umeegemea ukuta. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono. Nikamwambia jina langu ni Minza, na kwamba zamani nilifanya kazi na marehemu. Alinitazama kwa muda, akitafuta. "Minza," akasema. "Aa, Minza wa Lusu. Wewe ndiye uliyekuwa ukifagia studio kabla mimi sijaolewa. Alikuwa akikutaja. Ahsante kwa kuja, umetukumbuka." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayetoa alichopewa. Nikamjibu, "Ndiyo, nilikuwa nafagia pia," na lile neno la mwisho likapita bila mtu kulisikia, maana wakati huohuo waliingia wageni wengine wakilia. Nilitoka nje nikasimama karibu na sufuria za jikoni, mahali ambapo moshi unakupa sababu ya kufuta macho.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala nilisomeshwa vipi. Inatosha kusema kwamba mwaka ninaoukumbuka nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye cheti cha kompyuta kilichotoka motomoto, nimepanga chumba mtaa wa Isevya na ninafundisha wenzangu kuchapa barua katika darasa dogo karibu na hospitali ya Kitete. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, na ukuta mwembamba uliokuwa ukiniletea redio ya jirani kuanzia alfajiri. Ulikuwa mwaka ambao picha za mkanda zilikuwa zinakufa. Watu hawakutaka tena kupiga picha na kusubiri wiki nzima ioshwe. Walitaka video ya harusi, yenye majina yanayopita chini na maua yanayochanua bibi harusi anapotokea. Kazi hizo zilipelekwa Mwanza au Dar es Salaam, zikirudi baada ya miezi, wakati mwingine bibi harusi akiwa tayari na mimba. Idrisa alikuja darasani kwangu mchana mmoja, kijana mrefu mwenye vidole vilivyobabuka kwa dawa za kuoshea picha, akauliza kama kompyuta inaweza kukata na kuunga video. Nilimwambia inaweza, ila si hizi zetu. Akauliza ipi inaweza. Nikamwambia, "Ile ambayo bado haijaundwa." Alicheka kicheko cha mtu aliyefunguliwa mlango, na kesho yake akarudi.

Studio yao ilikuwa karibu na soko, chumba cha mbele chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria ikipaa juu yake. Nadhani nusu ya watoto wa rika langu mjini wana picha wakiwa wamesimama mbele ya ndege ile, wamevaa viatu vya kuazima. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza chenye balbu nyekundu, na nyuma zaidi ua wa nyumba yao, ambako Mama Idrisa alitawala. Nilianza kwenda pale kila nilipomaliza vipindi. Nilikuwa nakula kwao: ugali na mgebuka aliyeshushwa kwenye treni ya Kigoma, mlenda uliotiwa karanga, na siku za Ijumaa wali na nyama, kisha uji mzito wenye asali ya porini. "Kula, mwanangu," Mama Idrisa alikuwa akisema, akinisogezea mnofu wa samaki. "Hiyo mashine yenu haitakupikia." Nilimpenda. Hilo nalisema mapema kwa sababu hata leo, nikijumlisha yote, bado sijui nifanye nini na upendo ule.

Mashine tuliamua kuiunda wenyewe, kwani ya dukani iliyotosha kazi ile ilikuwa mbali mno na uwezo wetu. Vifaa vingi havikunisumbua. Kasha ni kasha, diski ni diski. Kilichonila akili miezi mingi ni mazabodi, ule ubao ambao vingine vyote huchomekwa juu yake na ambao ndio unaoamua mashine itakuwa nini leo na itaweza kuwa nini kesho. Nilienda kwenye kahawa ya intaneti kila Jumamosi, nikikaa na mashine iliyofungua ukurasa mmoja wakati jirani yangu anamaliza soda. Nilisoma malalamiko ya watu wa nchi nisizozijua: huyu ubao wake umekufa kwa joto, yule amegundua kwamba kamera yake haina pa kuchomekwa, mwingine amenunua prosesa mpya, ule ubongo wa mashine, akakuta ubao hauikubali. Nikawa nawaza mabodi nikiwa nafua, nikiwa kanisani, nikiwa nasonga ugali. Idrisa alinitania kwamba nina mchumba mwingine. Ndiyo, tulikuwa tumefika huko. Mbele za watu aliniita Minza. Tukiwa wawili kwenye chumba cha giza, picha za watu zikijitokeza polepole kwenye beseni, aliniita mke wangu, na mimi nilimwacha aniite hivyo.

Mama Idrisa alituuliza siku moja, akiwa anachambua mchele kwenye ungo, "Hicho mnachogombania kila siku ni kitu gani hasa?" Nilimweleza kwamba ni ubao tu, lakini vyote vinakaa juu yake, na kama si mzuri, basi hata ukinunua prosesa ya dhahabu haitakusaidia. "Aa. Na kinaitwaje?" Nikamwambia kwa Kiswahili tungesema ubao mama. Akaacha ungo. "Sasa huyo mama, watu wakija kuona kompyuta, wanamsifia?" Nikasema hapana, yumo ndani hafunuliwi, watu wanasifia skrini. Mama Idrisa alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Basi jina wamelipatia," akasema.

Aliyepaswa kutununulia vifaa alikuwa Twaha, binamu yake Idrisa, aliyekuwa Dar es Salaam akiuza simu. Tulikuwa tunampigia kwa zamu, tumeweka sauti ya juu, simu imelala mezani katikati yetu. Twaha alikuwa na mazabodi yake aliyoipenda. "Dada Minza, usijitese," alisema. "Huku mjini hii ndiyo inatembea. Kila kitu kimo ndani: picha ndani, sauti ndani, hata prosesa imeshachomelewa palepale. Unachomeka umeme tu, mambo yanaenda. Halafu inakuja na feni ya taa za bluu, mteja akiingia anajua huku kuna kazi."

"Na hiyo prosesa ikichoka?" nikauliza.

"Itachoka lini? Unaiwazia uzee kabla haijazaliwa?"

Idrisa alicheka. Mimi sikucheka. Niliivuta simu karibu yangu. "Twaha, nisikilize. Kila kitu kikiwa ndani, kikifa kimoja vimekufa vyote. Kumbukumbu, hizo RAM, zina nafasi mbili tu, tukijaza, tumemaliza. Kamera haina mlango. Mwakani kamera zitakuwa kubwa zaidi, na sisi tutakuwa na sanduku la taa za bluu."

"Lakini hiyo unayoitaka wewe ni ghali, dada. Mtakosa hela ya skrini."

"Tutatumia skrini kuukuu ya darasani. Skrini hubadilishwa siku yoyote. Ukikosea ubao, umejenga nyumba kwenye mkondo wa maji."

Nilimtazama Idrisa. Alikuwa anachezea mfuniko wa lenzi, akiufungua na kuufunga, na nilijua kwamba taa za bluu zilikuwa zimemwingia moyoni. Alikuwa mtu wa picha, alipenda kinachoonekana. Lakini siku ile aliinua kichwa akasema kwa sauti ambayo nimeibeba miaka yote, "Twaha, nunua anayotaka Minza. Hiki ni kitu chake. Mimi nasimama nyuma yake." Watu wengi wameniambia maneno matamu zaidi tangu wakati ule. Hakuna lililonifurahisha namna ile. Na labda ndiyo sababu yaliyofuata yalinichoma hivi. Mtu ambaye hajawahi kukusimamia hawezi kukuangusha.

Boksi lilifika kwa treni, limefungwa kwa kamba za katani, limechorwa jina la Idrisa kwa kalamu nene. Tuliliweka kwenye meza ya kupigia pasi mapazia ya studio. Niliosha mikono, nikashika nondo za dirisha kumwaga umeme wa mwilini, nikafungua. Ubao ulikuwa mzuri. Sijui namna nyingine ya kusema. Nafasi nne za RAM zenye rangi mbilimbili, tundu la prosesa lenye kifuniko chake kama jicho lililofumbwa, mlango wa kamera pembeni. Niliufunga kwenye kasha skurubu kwa skurubu, nikaipaka prosesa dawa yake ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mchele, nikabana feni huku nimeshika pumzi. Kazi ilichukua asubuhi nzima. Idrisa alinishikia tochi. Kila nikimwambia asogee kulia, anasogea kulia. Kila nikimwambia atulie, anatulia. Tulipoiwasha na maandishi ya kwanza kupanda kwenye ile skrini kuukuu, alipiga kelele hadi mama yake akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani umeme umemuua mtu.

Kazi yetu ya kwanza kubwa ilikuwa sherehe ya kijana mmoja aliyepewa upadre kwenye seminari ya Kipalapala. Nilienda kupiga video mwenyewe kwa sababu mimi ni Mkatoliki na nilijua misa inakwendaje: najua ni wakati gani kijana atalala kifudifudi sakafuni, na kamera iwe wapi mama yake atakapopeleka mkono mdomoni. Idrisa alikaa nyuma, akibadilisha betri. Nilihariri kwa wiki mbili. Mashine haikukwama hata mara moja. Ilimeza kanda zote ikaomba nyingine. Familia ya padre ilikuja studio kuangalia, wakajazana kwenye mabenchi mbele ya ndege iliyochorwa, wakulima wenye mikono mipana waliovaa nguo zao za misa. Mama wa padre alilia pale mwanawe alipolala kifudifudi, akalia tena pale alipojiona mwenyewe analia. Baba yake akasimama, akamshika Idrisa mkono kwa mikono yake miwili. "Fundi, umefanya kazi kubwa sana. Mungu akuzidishie." Idrisa akasema, "Ahsante sana, mzee." Nikasubiri. Akasema tena, "Ahsante, karibuni tena." Nilijiambia kwamba aibu ilimshika, kwamba si mahali pake pa kueleza. Nilikuwa hodari sana wa kumwandikia sababu.

Kisha akaja Mzee Hamidu, baba mdogo wa Idrisa, kutoka Ujiji. Tangu baba yake Idrisa afariki, yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye kofia iliyodariziwa vizuri na harufu ya udi, na kila alipokaa watu walijikuta wameketi chini yake. Mama Idrisa alipika biriani. Baada ya kula alipelekwa studio kuiona mashine iliyokuwa ikisemwa hadi Kigoma. Mimi nilikuja nyuma na sinia la kahawa na kashata. Nilimsalimu, "Shikamoo, mzee," akanijibu, "Marahaba, mwanangu, hujambo," bila kugeuka, maana macho yake yalikuwa kwenye skrini ambako bibi harusi wa mtaa wa Ng'ambo alikuwa akigeuka polepole mno, kama malaika.

"Na hii umenunua wapi?" akauliza.

"Haikununuliwa hivi, baba. Imeundwa. Vifaa vilikuja kimoja kimoja."

"Aliunda nani? Mhindi?"

Nilisimama na sinia. Mvuke wa kahawa ulikuwa ukinipanda usoni. Idrisa alinitazama kwa muda mfupi tu, kisha akatazama mikono yake. "Mimi, baba," akasema. "Twaha alinisaidia kuchagua."

Mzee akampiga begani kwa furaha. Akamwita mama yake aje asikie. Akageukia sinia, akachukua kikombe, na hapo ndipo aliponiona. "Na huyu binti ni nani?" Idrisa akasema, "Anatusaidia hapa kazi." Mzee akauliza kabila langu, nikamwambia mimi Mnyamwezi wa Nzega. Akaangua kicheko, kicheko kizuri cha mtu anayetania watani zake. "Ehe! Basi Idrisa umepata. Hawa tangu enzi za misafara ndio watu wetu wa kubeba. Bila Mnyamwezi mzigo haufiki pwani." Wote walicheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa huo ndio utani wetu na kukasirika kungekuwa utovu wa adabu. Kuna barabara ya kwenda Kwihara, kambi ya zamani ya misafara, ambayo nikipita hadi leo nawaza juu ya watu wale, waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka huku hadi baharini. Kila msafara ulijulikana kwa jina la mwenye mali. Hakuna msafara hata mmoja niliosikia ukiitwa kwa jina la aliyebeba.

Siku ile nilibaki nikiosha vyombo uani. Mama Idrisa na mwanawe walikuwa sebuleni, dirisha limefunguliwa kwa ajili ya joto, na sauti zao zilinijia pamoja na mlio wa kijiko kwenye kikombe. Mzee Hamidu alikuwa ameleta jambo. Kulikuwa na binti Ujiji, Rukia, mtoto wa rafiki yake, aliyelelewa vizuri. Idrisa alisema kitu ambacho sikukisikia, lakini nilisikia jina langu.

"Simkatai kwa ubaya," Mama Idrisa akasema. "Yule mtoto nampenda mimi. Ana adabu, anafanya kazi, hana makuu."

"Dini angebadili, mama. Tumeshazungumza." Hilo lilikuwa kweli. Tulikuwa tumezungumza, na nilikuwa nimelia, na nilikuwa nimekubali, bila kumwambia mtu yeyote wa kijijini kwetu Lusu.

"Dini atabadili. Kichwa chake atakibadilisha? Mwanangu, mwanamke akijua zaidi yako kwenye kazi yako mwenyewe, utamwambia nini akusikie? Leo ni kompyuta. Kesho ni nyumba."

Niliacha kuosha. Nilishika sufuria ndani ya maji na kusubiri Idrisa aseme neno. Neno lolote. Kijiko kiligonga kikombe, kikazunguka, kikagonga tena. Kisha akasema, "Sawa, mama." Maji yalikuwa yameingia masizi. Nilizisugua zile sufuria mpaka zikang'aa, nikazifudikiza kwenye kichanja, nikaaga kama kawaida. Mama Idrisa alinifungia biriani kwenye bakuli nikale kesho.

Idrisa aliniambia mwenyewe baada ya siku chache, kwenye chumba cha giza, ambacho siku hizo kilikuwa hakioshi tena picha na kilijaa maboksi. Hakuwasha taa ya kawaida. Tulisimama kwenye wekundu ule kama watu waliojificha. Alisema mzee ameshatoa neno. Alisema ndugu zake wangemtenga. Alisema yeye si kama mimi, hana moyo wa kusimama peke yake. "Lakini kazi inabaki palepale, Minza. Hapo hakuna kilichobadilika. Studio ni yako kama ilivyo yangu."

"Mbona hukumwambia mzee hivyo?"

"Kumwambia nini?"

"Nani aliunda mashine."

Alionekana kushangaa kweli. Nadhani hilo liliniumiza kuliko Rukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya kuolewa kwa mwingine. Hata nilikuwa nimeanza kuitafutia mahali pa kukaa moyoni. "Kwani hilo nalo lina maana?" akauliza. "Si sote tunajua?" Idrisa hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepata nafuu mapema. Alikuwa mtu mpole aliyependa kila aliyekuwa naye chumbani awe radhi, na bahati yangu ilikuwa kwamba mara nyingi mimi sikuwa nahesabiwa miongoni mwa waliokuwa chumbani.

Harusi ilifungwa Ujiji. Aliporudi, ilionekana haipendezi mwanamume aliyeoa kushinda amejifungia na msichana wa kando kwenye chumba kimoja, hata kama kati yao kuna kompyuta. Hakuna aliyenifukuza. Twaha tu alirudi kutoka Dar es Salaam na begi lake, na asubuhi moja nikamkuta kwenye kiti changu, akizungukazunguka. "Dada Minza! Braza kasema utanipiga msasa kidogo." Idrisa alikuwa mlangoni, akiniomba kwa macho. Nilimfundisha Twaha. Watu wanaonisikia nikisimulia hapa hukasirika na kuniuliza kwa nini. Nilimfundisha kwa sababu sikuweza kuvumilia kuona anaichomoa kamera mashine ikiwa bado inaandika. Nilimfundisha kukata, kuunga, kusafisha vumbi kwenye feni, na pale RAM inapowekwa, jozi kwa rangi. Alikuwa mwanafunzi mzuri, mchangamfu, aliyenisifia bila choyo. Siku ya mwisho Mama Idrisa alinipa kanga mpya. Ilikuwa na maneno mazuri juu yake kuhusu subira. Niliipokea kwa mikono miwili.

Mashine ile ilifanya kazi miaka mingi kuliko yoyote niliyoisikia mkoani. Nilizipata habari zake kwa watu: wameibadilisha prosesa, ubao umeikubali, wameongeza RAM, nafasi zilikuwepo, kamera zimekuwa kubwa, imezimudu. Kila kitu nilichokiona mbele kilitokea kama nilivyokiona. Mimi ni mkufunzi sasa, na kila mwaka nasimama mbele ya vijana nikiwafundisha kuchagua mazabodi, nikiwaambia wasitazame taa, watazame nafasi ya kukua. Wanaandika. Huwa siwaambii kwamba nafasi ya kukua haichagui nani atakua humo.

Baada ya kuondoka studio nilirudi Lusu msimu wa palizi, darasa la Kitete likiwa limefungwa na kodi ya Isevya imenishinda. Nilikuwa shambani na mama yangu, jembe mkononi, kanga imefungwa kiunoni, simu ilipolia. Jina la Idrisa nilikuwa bado sijalifuta.

"Minza? Ni mimi. Samahani sana. Mashine imekufa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuguza. "Tuna harusi ya kukabidhi kesho. Twaha kaongeza RAM, sasa haiwaki, inalia tu. Tumejaribu kila kitu."

Nilisimama wima. Nyuma yangu mama aliendelea kupalilia. "Inalia vipi?"

"Milio mirefu, inarudiarudia."

"Zima. Chomoa waya wa umeme kabisa. Sasa toa RAM zote." Nilimsikia akimpa Twaha maelekezo, nikasikia kasha likigonga meza ile ya kupigia pasi. "Una kifutio cha penseli hapo? Sugua zile sehemu za dhahabu, polepole, kama unafuta kosa la mtoto. Usiguse kwa vidole. Rudisha zile za zamani kwenye nafasi zake za mwanzo. Hizo mpya ziende pamoja kwenye rangi ya pili. Usichanganye. Bonyeza mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe."

"Vimejifunga."

"Washa."

Upepo ulikuwa ukipita kwenye mahindi, nikaziba sikio la pili. Kisha nikasikia kelele, yeye na Twaha kwa pamoja, na mahali fulani kwa mbali sauti ya mwanamke ikiuliza kuna nini. Nilijikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Nilisubiri arudi kwenye simu. Nilikuwa na hakika kwamba sasa, akiwa na mashine inayonguruma mbele yake na mimi sikioni, angesema kitu.

Alirudi akihema. "Imewaka. Ahsante sana, dada. Mungu akulipe."

Dada. Ni neno zuri. Mwanamume hulitumia kwa muuza samaki, kwa muuguzi, kwa mwanamke yeyote aliyempisha njia. Mwaka mzima tuliokuwa pamoja hakuwahi kuniita hivyo. Nilimwambia karibu, amsalimie mama, na simu ikakatika kabla sijamaliza.

Mama yangu alinyoosha mgongo, akajipangusa jasho, akaniuliza kwa Kinyamwezi ni nani aliyekuwa akipiga.

"Mteja," nikamwambia, na nikainama kwenye mstari wangu.